Safari ya Nuru na Lugha Zilizoibeba

Walimu wa Kiswahili huambiwa mara kwa mara, tena na watu wenye elimu yao, kwamba lugha hii ni tamu kwa mashairi, methali na hotuba, lakini haina nguvu ya kubeba sayansi. Msemaji wa namna hiyo hupenda kutoa mfano wa fizikia, akauliza: "Nuru mtaielezaje kwa Kiswahili?" Swali lake linastahili jibu, na jibu lililo bora hupatikana katika historia kuliko katika mabishano. Kwa maana tukifuatilia jinsi binadamu walivyokuja kufahamu nuru ni kitu gani na husafiri vipi, tutaona kwamba elimu hiyo imepita katika lugha nyingi, na kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyozaliwa ikiwa na maneno yake tayari. Kila moja ilipewa maneno na watu waliokuwa na kazi ya kuyafanyia.

Makala haya yanakusudia kuisimulia safari hiyo kwa ufupi, ili sisi walimu wa lugha huku Uganda tuwe na la kusema tunapoulizwa, na zaidi ya hapo, tuwe na la kufundisha.

Jicho hutoa au hupokea?

Swali la kwanza lililowasumbua wataalamu wa kale lilikuwa hili: tunapokiona kitu, je, kuna jambo linalotoka jichoni kwenda kwenye kitu hicho, au kuna jambo linalotoka kwenye kitu kuja jichoni? Lugha yenyewe haituamulii. Mswahili husema "tupa jicho pale" na "nimempiga jicho", kana kwamba jicho ni upinde na kutazama ni mshale. Lakini huyo huyo husema pia "mwanga umenipiga machoni", kana kwamba jicho ndilo lililolengwa. Kauli zote mbili ni Kiswahili fasaha. Katika fizikia, hata hivyo, ni moja tu iliyo sahihi.

Mgiriki Euclid, aliyeishi karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, aliandika juu ya kuona akichukulia kwamba miali hutoka jichoni na kwenda katika mistari iliyonyooka. Chanzo cha miali alikigeuza kinyume, lakini mstari ulionyooka ulikuwa wa kweli, na kwa mstari huo aliweza kueleza kwa njia ya jometri sababu ya kitu kilicho mbali kuonekana kidogo. Claudius Ptolemy, aliyefanya kazi Alexandria, Misri, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alifuata njia hiyo, akaongeza vipimo vya jinsi mwali unavyopinda unapotoka katika hewa na kuingia katika maji au kioo. Kupinda huko ndiko kunakoifanya fimbo iliyochovywa majini ionekane kama imevunjika, na ndiko kunakomfanya mvuvi anayetumia mkuki amlenge samaki chini kidogo ya pale anapomwona.

Habari ya kitabu cha Ptolemy ina funzo kubwa kwa watu wa lugha. Maandishi yake ya Kigiriki yalipotea. Tafsiri yake ya Kiarabu nayo ikapotea. Kilichobaki ni tafsiri ya Kilatini, iliyofanywa kutoka katika Kiarabu hicho na amiri Eugenius wa Sicily katika karne ya 12, nayo imekosa sehemu ya kwanza. Hivyo basi, mawazo ya mtu aliyeandika Kigiriki katika nchi ya Misri yamehifadhiwa na lugha ya tatu, baada ya kuvushwa na lugha ya pili. Kama Waarabu wangelisema kwamba jometri ni mali ya Wagiriki peke yao, leo tusingekuwa na kitabu hicho kabisa.

Waarabu hawakusema hivyo. Katika karne ya 9 mji wa Baghdad ulikuwa na wafasiri wengi waliofanya kazi usiku na mchana. Mmoja wao, Hunayn ibn Ishaq (809–873), Mkristo aliyezijua Kigiriki, Kisiria na Kiarabu, alitafsiri maandishi ya tabibu Galen, na yeye mwenyewe akaandika makala kumi juu ya jicho. Kiarabu cha zama zile kilikuwa tayari lugha ya dini yenye heshima kubwa na ya ushairi wa hali ya juu. Lakini istilahi za tiba na jometri ya Kigiriki hakikuwa nazo, ilibidi zitafutwe. Baadhi ziliazimwa kama zilivyo, baadhi zilitafsiriwa, na maneno mengine ya kila siku yalipewa maana mpya. Kazi hiyo haikuanza kwa kungojea maneno yatimie. Maneno yalitimia kwa sababu kazi ilianza.

Matunda yake yalionekana kwa Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 11 aliandika kitabu kikubwa chenye sehemu saba kiitwacho Kitab al-Manazir. Msomaji wa Kiswahili na alitazame jina hilo kwa makini. Neno la kwanza ni kitabu. Neno la pili ni lile lile lililotupatia mandhari, na kutoka katika shina lake tumepata pia nadharia. Hivyo jina la kitabu kilichoibadili elimu ya nuru duniani limo ndani ya msamiati wa mtoto wa shule anayesoma Kiswahili, ingawa hakuna aliyemwonyesha.

Hoja ya Ibn al-Haytham ilianza na jambo ambalo kila mtu anaweza kulijaribu. Mtu akilitazama Jua, jicho huuma. Na akifumba macho baada ya kutazama mwanga mkali, huendelea kuona alama yake kwa muda. Ikiwa kuona ni tendo la jicho kutoa miali, kwa nini jicho liumizwe na kitu kilicho mbali? Ni dhahiri kwamba kuna kinachoingia. Akahitimisha kwamba nuru hutoka kwenye kila sehemu ya kitu kinachong'aa, husambaa pande zote kwa mistari iliyonyooka, hugonga vitu, na sehemu yake hurudi kutoka kwenye vitu hivyo na kuingia jichoni.

Hakuishia kwenye hoja. Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu dogo linaloelekea chumba chenye giza, akaona kwamba kila taa ilitoa doa lake la mwanga ukutani, mkabala nayo. Alipoifunika taa moja, doa lake peke yake lilitoweka; alipoifunua, doa lilirudi pale pale. Basi nuru za taa zote zilipita katika tundu moja bila kuchanganyika wala kusukumana, kila moja ikifuata mstari wake.

Jaribio hili tunalo juu ya vichwa vyetu. Katika madarasa yetu mengi yenye paa la mabati kuna matundu ya misumari. Jua linapopenya, sakafuni huonekana madoa ya mwanga yaliyo mviringo, hata kama tundu lenyewe limechanika vibaya. Sababu ni kwamba doa lile ni sura ya Jua, iliyochorwa na miali inayokwenda moja kwa moja. Asiyeamini na akumbuke siku ya tarehe 3 Novemba 1913 ikiongezwa miaka mia moja kamili, yaani mwaka 2013, Jua lilipopatwa na watu wakakusanyika Pakwach kulitazama. Kabla ya Jua kufunikwa lote, madoa ya namna ile, chini ya miti na chini ya paa zenye matundu, hugeuka yakawa kama hilali. Tundu halibadiliki, kilichobadilika ni sura ya Jua lenyewe.

Kitabu cha Ibn al-Haytham kiliingia katika Kilatini ifikapo mwanzo wa karne ya 13, na mwandishi akaitwa Alhazen. Tafsiri hiyo ilikosa milango mitatu ya kwanza, ambamo alikuwa ameeleza njia yake ya kuchunguza. Hata hivyo ilisomwa na akina Roger Bacon na Witelo, ikapigwa chapa mjini Basel mwaka 1572. Mwaka 1604 Johannes Kepler, akiendeleza elimu hiyo, alieleza jinsi sura ya kitu inavyochorwa nyuma ya jicho. Alieleza pia kwa nini mwanga wa taa hufifia kwa umbali: ukijitenga na taa mara mbili, nuru ile ile inatawanyika juu ya eneo mara nne, hivyo unapata robo tu ya mwanga, ukijitenga mara tatu, unapata sehemu moja ya tisa.

Je, nuru huchukua muda?

Baada ya kukubaliwa kwamba nuru huja jichoni, swali la pili lilifuata: huja papo hapo, au husafiri kwa muda? Aristotle alikuwa amekana kwamba nuru ni mwendo. Ibn al-Haytham alisema kwamba ni mwendo na kwamba lazima uchukue muda, hata kama muda huo hisia zetu haziutambui. Kepler, pamoja na umahiri wake wote, aliamini kwamba huja papo hapo.

Mfaransa René Descartes naye aliamini hivyo. Mwaka 1637 aliilinganisha nuru na mkongojo wa kipofu: ncha inapogusa jiwe, mkono hutambua wakati huo huo. Mfano ni mzuri, ingawa fikira yenyewe haikuwa sahihi. Lakini kwetu sisi kuna jambo jingine la kuangalia. Kitabu hicho Descartes hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi, bali kwa Kifaransa, lugha ya nchi yake. Na alieleza sababu, kwamba alitumaini wale wanaotumia akili yao ya asili bila kufungwa na vitabu vya kale wangemhukumu vizuri zaidi.

Mwaka uliofuata, 1638, Galileo Galilei alitoa kitabu ambacho mazungumzo yake yaliandikwa kwa Kiitaliano, huku hoja za hesabu zikibaki kwa Kilatini. Humo alipendekeza jaribio: watu wawili wasimame usiku wakiwa na taa zilizofunikwa; wa kwanza afunue taa yake, na wa pili, mara tu auonapo mwanga, afunue ya kwake. Alieleza kwamba alilijaribu kwa umbali usiofika maili moja, asiweze kukata shauri. Ila kama nuru haiendi papo hapo, basi huenda upesi kupita kiasi. Leo tunajua kwamba safari ya maili moja kwenda na kurudi huichukua nuru kiasi cha sehemu moja ya laki moja ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kufunua taa kwa wepesi huo. Njia ilikuwa sawa. Kilichopungua ni umbali.

Umbali ulipatikana angani. Sayari ya Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote, ina miezi mingi, na mmoja wa ile minne aliyoigundua Galileo mwaka 1610 unaitwa Io. Mwezi huu huzunguka Mshtarii kwa muda wa saa 42 na nusu hivi, na kila mzunguko huingia katika kivuli cha sayari hiyo na kutoka tena. Ulikuwa kama saa ya ukutani iliyotundikwa mbinguni, na wanafalaki walitengeneza majedwali ya nyakati zake ili mabaharia na wachora ramani wayatumie kujua mahali walipo.

Ole Rømer, Mdenmark aliyezaliwa Aarhus mwaka 1644, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota cha Paris. Aligundua kwamba saa hiyo ya mbinguni ilikuwa na kasoro ya ajabu. Dunia ilipokuwa ikijitenga na Mshtarii, Io ilichelewa kutokeza. Dunia ilipokuwa ikimkaribia, iliwahi. Katika mzunguko mmoja tofauti haifiki hata robo tatu ya dakika. Kwa kweli haizidi sekunde 15 hivi, kiasi ambacho saa za wakati ule zilishindwa kukionyesha kwa hakika. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mizunguko mingi ikijumlishwa, tofauti hufika dakika kadhaa.

Mwanzoni mwa Septemba 1676 Rømer aliitangazia Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba tarehe 9 Novemba mwaka ule Io ingetoka kivulini ikiwa imechelewa dakika 10 kupita hesabu ya kawaida. Siku ikafika, na Io ikachelewa kama alivyosema. Sababu aliyoitoa ni kwamba Io haichelewi hata kidogo. Inayochelewa ni habari yake. Nuru yenyewe inahitaji muda ili ivuke nafasi iliyoongezeka kati ya Mshtarii na Dunia. Maelezo yake yalichapishwa kwa Kifaransa katika jarida la Journal des sçavans tarehe 7 Desemba 1676. Alikadiria kwamba nuru huchukua dakika 22 kuvuka kipenyo chote cha njia ya Dunia kuzunguka Jua. Leo tunajua kwamba ni dakika 16 na nusu na ushei. Kipimo kilizidi, lakini jambo lenyewe lilithibitika: nuru husafiri, na safari yake ina muda.

Si wote waliokubali. Gian Domenico Cassini, mkuu wa kituo kile, hakuridhika, kwa kuwa miezi mingine ya Mshtarii haikuonyesha tofauti hiyo waziwazi. Lakini Christiaan Huygens, Mholanzi aliyekuwa Paris, alikubali mara moja, na kwa hesabu zake nuru ilipata kasi inayozidi kilomita 200,000 kwa sekunde kwa vipimo vyetu vya leo. Huygens ndiye aliyetunga nadharia kwamba nuru husafiri kama mawimbi. Aliisoma mbele ya wenzake mwaka 1678, ikachapishwa Leiden mwaka 1690 kwa Kifaransa. Katika dibaji yake alieleza sababu ya kuchelewa: alikuwa ameiandika kwa Kifaransa bila uangalifu mkubwa, akikusudia kuitafsiri kwa Kilatini baadaye. Miaka ikapita, mwishowe akaona ni heri itoke kama ilivyo. Basi kitabu kimojawapo kilicho bora katika historia ya nuru kilitoka katika lugha ambayo mwandishi wake aliiona kuwa ya muda tu, tena haikuwa lugha ya mama yake. Wangapi kati yetu wana maandishi sandukuni yanayongojea "lugha inayostahili"?

Mwaka 1704 Isaac Newton naye alitoa kitabu chake cha nuru kwa Kiingereza, ingawa kile kikubwa cha kabla yake alikiandika kwa Kilatini. Tafsiri ya Kilatini ya kitabu cha nuru ilifuata mwaka 1706. Kiingereza, ambacho leo hutajwa kama lugha iliyoumbwa kwa ajili ya sayansi, wakati ule kilihitaji kutafsiriwa ili wasomi wa Ulaya wakisome.

Uthibitisho wa pili ulitolewa na Mwingereza James Bradley, aliyetangaza mwanzoni mwa mwaka 1729 kwamba nyota huonekana kusogea kidogo mbele na nyuma katika mwaka mzima, kwa kuwa Dunia inakwenda wakati nuru inashuka. Mtu anayetembea katika mvua inayonyesha wima hulazimika kuuinamisha mwavuli mbele. Hivyo ndivyo mwanafalaki anavyolazimika kuiinamisha darubini yake. Kwa pembe ya mwinamo huo Bradley alikadiria kwamba nuru hutoka kwenye Jua hadi kwetu kwa dakika 8 na sekunde 12. Kipimo cha leo ni dakika 8 na sekunde 19.

Kuipima nuru hapa duniani

Hadi hapo nuru ilikuwa imepimwa kwa msaada wa mbingu. Mfaransa Hippolyte Fizeau aliishusha chini mwaka 1849. Alipeleka mwali kutoka Suresnes hadi kwenye kioo kilichowekwa Montmartre, umbali wa meta 8,633, ili urudi pale ulipotoka. Njiani aliweka gurudumu lenye meno 720. Mwali ulipita katika pengo la meno mawili, ukaenda, ukarudi. Gurudumu likizunguka polepole, mwali unaorudi hupita katika pengo lile lile. Likizunguka mara 12.6 kwa sekunde, mwali ulirudi ukakuta jino limeshika nafasi ya pengo, na mwanga ukatoweka.

Hesabu yake inaweza kufanywa ubaoni. Meno 720 na mapengo 720 ni sehemu 1,440. Zidisha kwa 12.6, utapata 18,144. Maana yake ni kwamba jino lilishika nafasi ya pengo katika sehemu moja ya 18,144 ya sekunde. Katika muda huo nuru ilikwenda na kurudi, jumla meta 17,266. Zidisha tena, utapata zaidi ya kilomita 313,000 kwa sekunde. Kipimo hicho kilizidi ukweli kwa chini ya sehemu moja ya ishirini, nacho kilipatikana kwa gurudumu, taa na kioo.

Mwaka uliofuata Léon Foucault, akitumia kioo kinachozunguka, alionyesha kwamba nuru huenda polepole zaidi katika maji kuliko katika hewa. Jambo hilo lilikata shauri la muda mrefu. Wafuasi wa Newton, walioiona nuru kuwa chembe zinazorushwa, walitarajia iharakishe majini. Wafuasi wa Huygens walitarajia ipunguze mwendo. Ikapunguza. Wakati huo majaribio ya Thomas Young wa Uingereza na Augustin Fresnel wa Ufaransa yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba nuru mbili zikikutana zinaweza kuzaa giza, kama mawimbi mawili ya maji yanavyoweza kufutana. Mwaka 1862 Foucault alipata kasi ya kilomita 298,000 kwa sekunde.

Mawimbi ya nini, basi? James Clerk Maxwell wa Uskoti, katika makala yake ya mwaka 1865, alionyesha kwa hesabu kwamba umeme na sumaku vikitikisika pamoja hutoa wimbi linalosafiri, na kasi ya wimbi hilo, iliyotokana na vipimo vya umeme peke yake, ilikaribiana mno na kasi ya nuru. Akakata shauri kwamba nuru ni wimbi la namna hiyo. Heinrich Hertz wa Ujerumani aliyathibitisha mawimbi hayo kati ya 1887 na 1888. Ndiyo yanayotuletea redio. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba kasi ya nuru katika ombwe ni ile ile kwa kila mpimaji, awe anaikimbilia au anaikimbia. Mwaka huo huo alirudisha pia, kwa sura mpya, fikira ya kuwa nuru huja kwa vipande vipande. Tangu hapo wanafizikia hukubali kwamba nuru ina tabia za wimbi na za chembe pia.

Albert Michelson wa Marekani alitumia karibu maisha yake yote kuipima kasi hiyo, na mwaka 1926, kwa miali iliyopita kati ya milima miwili ya California, alipata kilomita 299,796 kwa sekunde. Mwaka 1983 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulikata neno: kasi ya nuru katika ombwe ni meta 299,792,458 kwa sekunde kamili, na meta yenyewe ni umbali unaopitwa na nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kitu ambacho Galileo alishindwa kukipima sasa ndicho kipimo cha vitu vingine.

Sisi na nuru

Habari hizi haziko mbali nasi. Mwaka 2009 nyaya za kioo zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na kwa nyaya za namna hiyo zilizotandazwa bara, maneno na picha hufika Kampala na Kigali zikiwa nuru. Katika kioo nuru huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Waya wenye urefu wa kilomita 1,200 huumaliza kwa sehemu 6 za elfu moja za sekunde. Mwali haukimbii nje kwa sababu unapoupiga ukingo wa kioo kwa mshazari hurudishwa ndani tena na tena. Ni elimu ile ile ya kupinda na kurudi iliyoanzia kwenye fimbo iliyochovywa majini.

Sasa tulirudie swali la wale wanaotudharau. Katika kuisimulia safari hii tumetumia mwali, kivuli, wimbi, chembe, kasi, kioo, pembe, ombwe, kupinda na kutawanyika. Tumetumia pia darubini, lenye asili ya Kiajemi, na nuru, lenye asili ya Kiarabu, yakikaa kwa amani pamoja na mwanga, ambalo ni la Kibantu. Istilahi zaidi zimo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990. Upungufu upo, na hatuna haja ya kuuficha. Lakini upungufu wa Kiarabu mbele ya Galen, na wa Kifaransa mbele ya Kilatini, ulikuwa wa aina hiyo hiyo, nao uliondolewa kwa kuandika.

Hata hivyo yatupasa kujihadhari na kosa la upande wa pili. Rømer hakuandika Kidenmark huko Paris, na hakuna aliyemlaumu. Lugha ya elimu huchaguliwa kwa kuangalia nani atasoma. Hatumwambii mwanafunzi wa Uganda aache Kiingereza, wala adharau Kiganda, Kiacholi au Kinyankole alichonyonya kwa mama yake. Tunasema kwamba Kiswahili, kilichotajwa katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, hakiwezi kuishi darasani kwa salamu na methali peke yake. Lugha ambayo haifundishi chochote kipya, wanafunzi huiona kuwa mzigo wa mtihani, na wana haki.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. La kwanza, mwalimu wa Kiswahili akutane na mwenzake wa fizikia, wachague habari moja, kama ile ya Io au ya gurudumu la Fizeau, waiandike kwa Kiswahili kiwe kifungu cha ufahamu, na hesabu yake ifanywe ubaoni. La pili, tusiziache istilahi zitangulie mambo. Mwanafunzi aone kwanza doa la mwanga chini ya bati, abishane na wenzake kwa nini ni mviringo, kisha apewe neno. Anayekariri kwamba nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde bila kujua ilijulikanaje ana namba tu mdomoni, hata kama anaitamka kwa Kiingereza safi. Bali yule anayeweza kumweleza nyanya yake, kwa lugha yoyote ile, kwamba mwanga wa Jua unaoanguka uani sasa hivi ulitoka huko zaidi ya dakika nane zilizopita, na akaeleza watu walilitambuaje jambo hilo, huyo ndiye aliyesoma.